Jengo Lililovuliwa Paa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mkae mahali mnaponisikia. Hadithi hii mimi ninao mwanzo wake na katikati yake. Mwisho wake mnao ninyi.

Mjini Morogoro palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake. Tumsifu, binti wa Kipare aliyesomea usanifu wa majengo, alijaliwa jicho. Akiingia katika chumba chochote aliona upepo unataka kupita wapi na jua linataka kukaa wapi, kama wewe unavyomwona mtu aliyesimama mbele yako. Bi Sikudhani, Mzaramo muuza khanga, alijaliwa ulimi. Neno ambalo mwingine angelisema akafukuzwa, yeye alilisema akaongezewa chai. Na Fundi Kobero, Mluguru wa huko huko milimani, alijaliwa mikono. Alichokifungua kilifunguka taratibu, na alichokifunga hakikutikisika tena.

Wa nne ni Kalunde. Yeye alipewa kazi ya kuamua tu, na ndiye tutakayefuatana naye.

Kalunde alikuwa binti wa Mzee Mihayo, Mnyamwezi aliyefika Morogoro akiwa kijana, akauza chumvi, akauza baiskeli, mwishowe akajenga jengo la maduka ambalo mji mzima ulilizungumzia. Mihayo Plaza. Lilikuwa jengo la kwanza ambapo mtu aliingia mlango mmoja, akanunua viatu, akanyolewa, akala chipsi, akatoka bila kuguswa na jua wala mvua. Maduka yote yalikuwa ndani, chini ya paa moja kubwa. Madirisha yalikuwa ya vioo visivyofunguka, kwa kuwa kulikuwa na kiyoyozi. Siku za Jumapili watoto waliletwa kupanda ngazi za umeme, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka askari wa mlangoni awatoe.

Miaka ikapita, jengo likazeeka. Kiyoyozi kilikufa, kikatengenezwa, kikafa tena. Ngazi za umeme zikasimama. Ndani kukawa na giza mchana, na joto la kufanya mtu asahau alichofuata. Wateja wakaona bora wanunue barabarani kwa wamachinga, penye hewa. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Ukipita kwenye korido ulisikia viatu vyako mwenyewe.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja akataka kulinunua jengo alifanye ghala la mbolea. Mzee Mihayo aliwaita wapangaji waliobaki, akasimama mbele yao na fimbo yake. Kalunde, ambaye ndiye aliyekuwa akiliendesha jengo kwa niaba ya baba yake, alisimama kando.

"Nililijenga ili waingie watu," mzee alisema. "Sitaki lijae magunia. Mtu atakayelifanya lijae watu tena, nitafuta jina langu pale juu ya lango, niandike lake. Jina moja, la mtu mmoja. Na likishaandikwa halifutwi, hata mimi nikiwa kaburini."

Watu walitazamana. Walijua mzee alivyolipenda jina lile. Kila asubuhi alisimama kwanza ng'ambo ya barabara, akalisoma, ndipo akavuka.

Wa kwanza kuja kati ya wale watatu alikuwa Tumsifu. Wataalamu waliomtangulia wote walishauri kitu kimoja: kiyoyozi kipya, taa mpya, rangi mpya. Tumsifu hakushauri kitu siku hiyo. Alitembea kwenye korido akiwa ameshika kipande cha karatasi laini mbele yake, kama mtu anayebeba mshumaa. Karatasi haikutikisika hata kidogo. Kisha alimchukua Kalunde mpaka nyuma ya jengo, kwenye ukuta unaotazama milima ya Uluguru, saa za alasiri.

"Dada Kalunde, weka mgongo hapa ukutani. Unasikia nini?"

"Upepo."

"Unatoka mlimani kila siku saa hizi, unagonga ukuta huu, unazunguka unakwenda zake. Umekuwa ukibisha hodi tangu jengo lijengwe, na hakuna aliyewahi kuuitikia. Jengo hili si bovu. Limezibwa pumzi tu."

Akachora. Katikati paa lote liondoke, korido iwe barabara ya wazi inayoona mbingu. Ukuta wa nyuma ufunguliwe. Kila upande pawe na baraza pana, mtu anunue bila kuchomwa na jua wala kunyeshewa. Zile ngazi zilizokufa ziwe ngazi pana za kukalia. Kalunde aliitazama ile michoro, akajiona anatembea ndani yake. Aliona fahari ambayo hakuwa ameiona kwa miaka.

Lakini Mzee Mihayo alipoiona, aliikunja akairudisha.

"Nitoe paa? Mwanangu, unajua nyumba niliyozaliwa? Ya nyasi. Mvua ikinyesha, mama alituhamisha kutoka pembe hii kwenda pembe ile mpaka pembe zikaisha. Nikaapa nitakuwa na paa kubwa kuliko la mtu yeyote. Leo mnaniambia nilivue mwenyewe? Niombeni kitu kingine."

Kalunde alimbembeleza. Wapangaji wakubwa walimbembeleza. Mchungaji wake alijaribu, akapewa soda na kuagwa. Mfanyabiashara wa mbolea akawa anapiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa mzee alichukua muda mrefu zaidi kabla ya kusema hapana.

Wa pili alikuwa Bi Sikudhani. Yeye alikuwa na fremu ya duka la khanga pale ndani tangu jengo likiwa jipya, na alikuwa mtani wa Mzee Mihayo. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi walivyo. Wametaniana tangu zama za misafara ya kwenda bara, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani. Anachokidai msibani mbele ya watu, unampa.

Basi dada yake Mzee Mihayo, Bi Nyamizi, akafariki. Siku ya mazishi, jeneza lilipokuwa linatoka mlangoni, Bi Sikudhani alitandika khanga katikati ya njia, akakaa, miguu ameinyoosha.

"Mama, tupishe," kijana mmoja wa wabebaji aliomba.

"Nikupishe niende wapi? Maiti wa Kinyamwezi hapiti bila kibali cha mtani. Ninyi watu mkishabebeshwa mzigo hamwulizi hata njia."

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wanalia.

Mzee Mihayo alisogea mbele. "Haya mtani, taja chako tukazike. Nikupe kuku?"

"Kuku wako wamekonda kama wewe. Sitaki."

"Basi nini? Fanya haraka, huko mbele ngoma ikilia utatukimbia, nawajua Wazaramo."

"Ngoma nitacheza ukishanipa changu. Nataka paa."

"Paa gani?"

"La jengo lako. Bati kwa bati. Huyu dada yako alikuwa anakuja dukani kwangu, anajipepea kwa upande wa khanga, anasema, 'Sikudhani, kaka yangu ametujengea sufuria, kisha akatufunika kifuniko.' Nimekuja kuchukua kifuniko."

Kicheko kilikatika. Kalunde alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa analitazama jeneza.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na leo yupo hapa, siwezi kumsingizia." Sauti ya Bi Sikudhani ilishuka. "Mtani, ule mzigo umeubeba tangu nyumba ya mama yako. Sasa tua."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Kalunde hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Chukua," alisema. "Chukua paa, mradi uniachie dada yangu nimzike."

Bi Sikudhani akainuka, akakung'uta khanga yake, akampisha.

Sasa sikilizeni kituko. Mzee Mihayo hakuwa na mtani mmoja. Matanga yalipoisha, watani wengine waliona kumbe mlango wa kudai uko wazi. Asubuhi alikuja Mzaramo muuza juisi na spana mkononi. "Sikudhani kapewa paa, mimi nimechagua mlango wa mbele." Akaja mwingine akadai vioo vya nyuma, na mwingine akadai dirisha la ngazini. Kalunde alimkimbilia baba yake.

"Baba, wanatubomoa!"

"Ni watani," mzee alijibu kwa unyonge. "Nimempa mmoja, wengine nitawanyima kwa lipi?"

Kufikia mchana jengo halikuwa na mlango wa mbele wala vioo vya nyuma. Muuza juisi aligundua kwamba hana nyumba yenye mlango wa ukubwa ule, akauegemeza ukutani na kuanza kuuzia juisi pale pale. Wapangaji, ambao wengi waliogopa habari za kuvua paa, walikuwa wanalalamika kwa sauti moja. Ndipo alasiri ikafika. Upepo ulishuka kutoka mlimani, ukaingia kwa nyuma, ukapita urefu wote wa jengo na kutokea mbele. Khanga za Bi Sikudhani zilizoning'inia ziliinuka zote kwa pamoja. Msusi alitoka kwenye fremu yake na chanuo mkononi, akafumba macho. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakachungulia ndani. Tumsifu alikuwa amesimama katikati ya korido, kilemba chake kimefunguka, na hakujali kukifunga.

"Msirudishe kitu," alisema.

Hakuna aliyelalamika tena.

Wa tatu alikuwa Fundi Kobero. Kuwa na ruhusa ya kuvua paa ni jambo moja, kulivua ni jingine. Masika yalikuwa yanakaribia. Makandarasi waliokuja walisema jengo lifungwe msimu mzima. Lakini wapangaji wale walikuwa wamebaki kwa uvumilivu tu. Wangefunga maduka msimu mzima, wangehama, na jengo lingekuwa zuri na tupu.

Kobero alipanda juu ya paa, akatembea huko akigonga kenchi moja baada ya nyingine, akisikiliza chuma. Aliposhuka alimwambia Kalunde, "Dada, sifungi duka hata moja."

"Utawezaje?"

"Umewahi kuona watu wamekaa kwenye mkeka, akaja mgeni? Hawainuki wote. Kila mtu anasogea kidogo."

Ndivyo alivyofanya. Alianzia nyuma, akakata kipande kimoja cha paa, na waliokuwa chini ya kipande kile wakasogea kwa jirani. Kikishafunguliwa walirudi, wakasogea wengine. Hakuangusha chuma hata kimoja. Vyote alivishusha kwa kamba, kisha akavichomelea upya vikawa nguzo na mapaa ya baraza. Paa la zamani lilikuwa linashuka kutoka juu na kusimama pembeni, duka kwa duka. Msusi aliwasuka wateja jirani na marundo ya khanga. Muuza viatu alihamia kwa kinyozi wakagombana, wakapatana, wakawa wanapelekeana wateja.

Siku ya boriti kuu ndiyo siku ambayo Kalunde hataisahau. Ilikuwa boriti ndefu ya chuma, iliyobeba katikati yote. Walipoikata, winchi iliyoishikilia kwa kamba iliteleza. Boriti ikayumba hewani juu ya fremu ya kinyozi, ambaye alikuwa ameweka wembe kwenye kidevu cha mteja. Kobero aliruka akaishika kamba kwa mikono yake mitupu. Kamba ilimchana viganja, damu ikatiririka mpaka viwikoni, naye hakuachia. Vijana wake wakaikamata kamba pamoja naye, wakaishusha boriti polepole mpaka ikalala juu ya matairi waliyoyapanga chini.

Mteja akauliza, bila kugeuza shingo, "Kinyozi, unanimalizia au nirudi nyumbani na upande mmoja?"

Kobero alifungwa viganja vyote viwili. Kwa muda mrefu alilishwa na mkewe kama mtoto, na kutoka kwenye kiti aliendelea kuwaelekeza vijana wake. Mvua ya kwanza ya masika iliponyesha, ilikuta baraza zote zimesimama. Watu walikaa chini yake wakiitazama inavyopiga katikati, na hakuna aliyelowa ila watoto, na wale walitaka wenyewe.

Jamani, mngeliona jengo lile! Ukiingia, milima yote ya Uluguru imekaa mbele yako kama picha ukutani. Wanawake wanachagua khanga kwa mwanga wa jua, wanaiona rangi yake ya kweli. Zile ngazi zilizokufa zimejaa wanafunzi na wapenzi na wazee wanaocheza bao. Fremu zilizokuwa tupu zinagombaniwa. Yule mfanyabiashara wa mbolea alikuja, akazunguka, akanunua viatu, akaondoka zake. Na Mzee Mihayo siku moja alisimama pale katikati, akainua uso, akasema, "Kumbe hata mbingu ni paa." Kalunde alimsikia, akageuka pembeni afute macho.

Sasa ikabaki ahadi. Kalunde aliwaita wale watatu kwenye ngazi, akawauliza nani anastahili jina.

"Mimi," alisema Tumsifu, ambaye hakuzoea kujisemea. "Ofisini kwetu kazi zetu zote zinatoka kwa jina la mkuu wa ofisi. Nimechora shule, nimechora zahanati, hakuna mahali nilipo. Kabla sijaja, kila mtu aliona jengo la kutengenezwa kiyoyozi. Mimi ndiye niliyeliona hili mnalokalia."

"Uliliona, mwanangu, ukalikunja ukaliweka kwapani," Bi Sikudhani alimjibu. "Picha yako ingekuwa inaliwa na mende saa hizi. Mimi ndiye niliyeketi mbele ya maiti. Na nisikilizeni, leo sitanii. Sina mtoto. Ninyi mtakufa, wajukuu watapewa majina yenu, mtaitwa kila siku mje mle. Mimi nikifa, nani ataliita jina langu?"

Kobero alikuwa anatazama makovu ya viganja vyake. "Wakati jengo hili linajengwa, baba yangu ndiye aliyepandisha paa. Kila tukipita barabarani alitunyooshea kidole: lile ni mimi. Wenzangu shuleni walinicheka, wakasema nionyeshe ilipoandikwa. Amekufa haijaandikwa. Na mimi ndiye niliyeishusha kazi yake kwa mikono hii, kila bati. Jina letu ni moja, mimi na yeye. Na bila mikono, jicho lingeona na ulimi ungeomba, na paa lingekuwa bado liko juu, au limewaangukia."

"Ni kweli," alisema Tumsifu.

"Ni kweli kabisa," alisema Bi Sikudhani. "Na wewe ungekata paa la nani bila mimi?"

"La mtu yeyote lisingekatwa," Kobero alikiri.

"Basi tuandike majina yote matatu," Kalunde alisema kwa matumaini.

Bi Sikudhani alicheka mpaka akashika ubavu. "Majina matatu juu ya lango! Watu watadhani tunatafutwa na polisi."

"Mzee alisema moja," alisema Kobero. "Nikipewa theluthi, ni heri baba yangu abaki na kidole chake."

"Basi nani yuko tayari kumwachia mwenzake?"

Walitazamana. Walikuwa wanapendana wale watu, baada ya yote waliyopitia. Bi Sikudhani ndiye aliyempelekea Kobero supu wakati viganja vimefungwa, na Tumsifu alimwita Bi Sikudhani mama. Lakini hakuna aliyesema mimi.

Kalunde alikwenda kwa baba yake. Mzee alitikisa kichwa.

"Mimi nimetoa paa, na jina langu nimelitoa. Hukumu utoe wewe."

Siku ya sherehe ikafika. Ngoma zilikuwa zinalia, baraza zote zimejaa, na waliokosa nafasi walipanda ngazi. Mchoraji alikuwa juu ya lango tangu asubuhi. Alikuwa amelifuta jina la Mzee Mihayo, na mahali pake palikuwa peupe, panang'aa. Chini walisimama wale watatu. Tumsifu alikuwa amekuja na wazazi wake kutoka Same. Bi Sikudhani alivaa khanga ambayo hakuwahi kumwuzia mtu. Kobero alivaa koti la baba yake. Wote watatu waliinua vichwa, na kila mmoja, mji mzima ulijua, alikuwa na haki ya kukiinua.

Mchoraji alichovya brashi, akageuka kutazama chini.

"Dada Kalunde, rangi inakauka. Niandike nani?"

Ngoma zikanyamaza. Kalunde alimtazama mwenye jicho, akamtazama mwenye ulimi, akamtazama mwenye mikono. Akafungua kinywa.

Haya, nimefika nilipofika, na mji mzima unasubiri. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa ndiye Kalunde pale chini ya lango, ungetamka jina la nani? Na wale wawili wengine, ungewatazama usoni uwaambie nini?